Gunia, Gome na Ubao wa Dari

Rangi ya baiskeli haikutengenezwa kwa ajili ya picha. Ilitengenezwa ishike kwenye chuma, ing'ae, isitoke kwa mvua. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, mnamo 1968 hivi, aliipaka kwenye ubao mwembamba wa dari, ule ambao mafundi huukata kwa msumeno na kuupigilia chini ya paa. Ulipatikana madukani, na ulikatika vizuri kuwa miraba ya kama sentimeta 60 kila upande.

Mara nyingi husemwa kwamba alifanya hivyo kwa kukosa pesa za vifaa vya wachoraji. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya habari. Upande mmoja wa ubao ule ni laini, na rangi ya baiskeli hukaa juu yake kama maziwa yaliyoganda. Pakaza uwanja wote rangi moja, uache ukauke, kisha mweke chui: atasimama peke yake, kingo zake kali kama herufi za kibao cha duka. Anayetaka kivuli cha taratibu kutoka mwanga hadi giza atahangaika bure, maana rangi hii haina subira hiyo. Tunachokiita mtindo wa Tingatinga, kwa kiasi kikubwa, ni makubaliano kati ya kopo la rangi na ubao. Mwenyewe aliuawa na polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, baada ya miaka kama minne tu ya kuchora. Wafuasi wake waliendelea, na wengi wakahamia kwenye kitambaa cha turubai, kwa kuwa mtalii anataka picha inayokunjika sandukuni. Siwalaumu, biashara ni biashara. Ila kwenye kitambaa nyuzi huchungulia chini ya rangi, na ule mng'ao wa madigadi mapya siuoni tena.

Katika picha za Tingatinga ubao hauonekani hata kidogo. Umefunikwa pembe hadi pembe. Alberto Burri alikwenda njia ya pili. Alikuwa daktari wa jeshi la Italia, akatekwa Tunisia mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya wafungwa wa vita huko Hereford, Texas. Udaktari ukaishia hapo. Kambini alianza kuchora juu ya magunia, yaliyokuwapo tele. Aliporudi kwao gunia likaacha kuwa mahali pa kupaka rangi, likawa picha yenyewe: limechanika, limetiwa viraka, limeshonwa kwa uzi mnene. Kazi yake ya 1949 iitwayo SZ1 ina vipande vya magunia ya msaada wa chakula kutoka Marekani, na nyota na mistari ya bendera bado imo. Wahakiki waliona majeraha na mishono ya daktari. Yeye akakataa maelezo hayo, akisisitiza kwamba mbele yetu kuna umbo na uwiano tu. Mimi simwamini kabisa. Gunia lililobeba chakula cha msaada kwa watu walioshindwa vita halisahau upesi hivyo, hata mwenye kulishona akitaka lisahau.

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, yuko katikati ya hawa wawili, na kwangu hapo ndipo pagumu zaidi. Anachora kwa rangi ya mafuta kama walivyochora mabwana wa Ulaya, lakini juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa na Waganda. Alikutana nacho katika soko la vitu vya watalii jijini Nairobi, kimekatwakatwa kuwa vitandiko vya meza. Kitambaa ambacho Waganda huvikia wafalme na kuzikia wafu, kimewekwa chini ya kikombe cha chai!

Lubugo haitulii kama ubao. Ina matundu, ina mikunjo, ina mishono pale fundi alipounganisha vipande. Armitage haizibi yote. Katika picha yake ya 2016 ya baikoko kwenye mlango wa mto Mwachema, ngoma ya pwani ambayo wengi huitazama kwa jicho la kushuku, macho yako yanafuata mwili wa mchezaji na ghafla yanakwama kwenye mshono. Burri angeukuza mshono huo hadi ujae ukuta; Tingatinga angeupitishia rangi mara mbili. Armitage anauacha ukatize hadithi, naye analazimika kuchora akiuzunguka.

Kabla yake, kazi kubwa imeshafanywa na mtu mwingine. Fundi hubandua gome msimu wa mvua, akaligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kutoka mifereji mipana hadi myembamba, chini ya kibanda ili jua lisilikaushe mapema, hadi litanuke mara kadhaa na kugeuka rangi ya udongo wa kichuguu. Mafundi wa urithi ni wa ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2005. Mutuba haukatwi. Shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba, kama kidonda, gome jipya liote chini yake, na fundi yuleyule huweza kurudi kulibandua mwaka unaofuata.