Wepesi na Nguvu katika Mafunzo ya Kupigana ya Wachina

Mtu atazamaye wazee wa Kichina wakifanya taijiquan alfajiri katika bustani za miji yao huona mikono ikipanda na kushuka taratibu, kama matawi yanayoguswa na upepo mdogo. Akiambiwa kuwa mazoezi yale asili yake ni sanaa ya kupigana, huuliza: Ngumi iendayo pole pole kiasi hicho itampata adui gani? Swali hilo si la kipumbavu. Ni swali la zamani, na taarikh ya mafunzo ya kupigana ya Wachina kwa muda wa karne nne na zaidi imejaa majibu yake.

Miongoni mwa majibu yaliyoandikwa kwa uwazi ni lile la jemadari Qi Jiguang, aliyeishi tangu 1528 mpaka 1588, zama za ufalme wa Ming. Katika miaka ya 1550 pwani ya mashariki ya China iliteswa na maharamia walioitwa wokou. Baadhi yao walikuwa Wajapani na wengi walikuwa Wachina wenyewe. Majeshi ya serikali yalishindwa mara kwa mara. Mwaka 1559 Qi aliandikisha watu wa Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, wakulima na wachimba madini, akawafundisha upya. Mwaka 1561 watu hao waliwashinda maharamia huko Taizhou katika vita vilivyofuatana. Mafunzo yake aliyaeleza katika kitabu kiitwacho Jixiao Xinshu, kilichotungwa yapata mwaka 1560.

Qi alichukia mapambo. Mbinu zipendezazo macho ya watazamaji aliziona kuwa hatari kwa askari, kwa kuwa katika msongamano wa vita hapana nafasi ya kurukaruka. Alitaka askari aweze kukimbia kwa pumzi moja mwendo wa kama theluthi ya maili bila ya kuhema. Alisifu desturi ya kale ya kufunga mifuko ya mchanga miguuni, mchanga ukiongezwa kidogo kidogo, ili siku ya vita mifuko ifunguliwe na miguu iwe myepesi. Silaha za mazoezi aliagiza ziwe nzito kuliko za vitani, na deraya vivyo hivyo. Kwa watu wa mikuki aliweka mtihani: ubao wenye matundu 5, mahali pa jicho, koo, moyo, kiuno na mguu, na katika kila tundu tufe dogo la mti. Ngoma ikilia, askari hutoka mbio kutoka hatua 20 na kuchoma. Aliyefuzu ni yule ambaye tufe lilibaki katika ncha ya mkuki wake.

Katika mtihani huo wepesi na nguvu havikupimwa mbalimbali. Mkuki mzito uliochelewa haukufaa, wala haukufaa mkuki mwepesi uliokosa shabaha. Zaidi ya hayo, tufe halikuwa na upendeleo. Lilitoka au halikutoka, na sifa za mwalimu hazikuweza kulitoa.

Juu ya kupigana kwa mikono mitupu, Qi alikiri kuwa hakuna kazi kubwa vitani. Hata hivyo alikutia katika kitabu, pamoja na picha za mikao 32, kwa sababu huzoeza viungo na ni mlango wa mtu anayeanza. Katika toleo la mwaka 1584 sura hiyo aliiondoa; lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, ukoo wa Chen ulikuwa na sanaa yake ya kupigana, ambayo mwanzo wake hutajwa kuwa wa Chen Wangting, mtu wa vita wa karne ya 17. Mwanahistoria Tang Hao, alipoichunguza katika miaka ya 1930, aliona kuwa majina mengi ya mikao yake ni yale yale yaliyomo kitabuni mwa Qi. Sanaa hiyo ndiyo iliyozaa taijiquan ijulikanayo leo.

Walimu wa taijiquan hutenga nguvu za namna mbili. Ya kwanza ni li, nguvu ya misuli ambayo mchukuzi na mkulima huwa nayo bila ya kufundishwa. Ya pili ni jin, nguvu iliyofundishwa: huanzia mguuni penye ardhi, hupita kiunoni, hufika mkononi bila ya kukatika njiani. Kila kiungo huongeza mwendo wake juu ya mwendo wa kiungo kilichotangulia, kama mjeledi ambao mpini wake husogea kidogo na ncha yake ikalia. Hivyo wepesi wa ngumi ni kazi ya mwili mzima, na bega lililokazwa huharibu wepesi na nguvu pamoja.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi huambiwa aende taratibu. Mwendo wa haraka huficha makosa. Mwendo wa taratibu huyafichua, na mwenye mizani mbovu hujulikana mara moja. Lakini utaratibu haukuwa mwisho wa masomo. Katika mtindo wa Chen mwendo wa taratibu hukatizwa na mapigo ya ghafula, na fungu lake la pili, liitwalo ngumi za mzinga, huchezwa kwa kasi na vishindo. Wanafunzi pia husukumana wawili wawili, na hutikisa fimbo ndefu ili mtetemo utoke kiunoni ufike nchani.

Yang Luchan, aliyejifunza Chenjiagou na kufa mwaka 1872, aliipeleka sanaa hiyo Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, alieneza mtindo wa mwendo mmoja wa taratibu tangu mwanzo mpaka mwisho, nao uliwafaa watu wa mijini waliotafuta afya. Mwaka 1956 serikali ilitoa mfululizo mfupi wa mikao 24, ukafundishwa nchi nzima. Faida ya afya ilikuwa kubwa. Walakini kwa wanafunzi wengi nusu ya somo ilidondoka njiani. Mashindano ya wushu nayo yalikuwa zaidi ya kuonyesha mikao, mpaka mwaka 1979 majaribio ya kupigana kwa kukabiliana yalipoanzishwa.

Gharama ya upungufu huo ilionekana hadharani mwaka 2017 katika mji wa Chengdu. Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapambano ya mitindo mchanganyiko, alikabiliana na mwalimu wa taijiquan aitwaye Wei Lei, na pambano likaisha kabla ya nusu dakika, mwalimu akiwa chini. Wengine walisema taijiquan ni uongo. Wengine walisema urithi wa taifa umetukanwa. Pande zote mbili zilisahau mtihani wa Qi. Mwendo wa taratibu haukuwa na hatia. Lililokosekana ni lile tufe la mti, yaani mtu au kitu cha kumwonyesha mwanafunzi, kabla ya siku ya aibu, kama pigo lake linawahi na linafika.

Mwaka 2020 UNESCO iliandika taijiquan katika orodha ya urithi wa wanadamu. Heshima hiyo yaweza kuhifadhi mikao. Wepesi na nguvu vitahifadhiwa na walimu wanaokubali kupimwa. Waswahili husema pole pole ndio mwendo, na wazee wa Chenjiagou wangalikubali. Ila wangalitaka kujua pia mwendo huo unafika wapi.