Maji, Chumvi na Sukari: Tiba ya Upungufu wa Maji Kasulu na Kibondo
Anayepoteza maji mwilini hupungua uzito haraka. Mnyanyua vyuma hujipunguza hivyo kwa makusudi kabla ya kupimwa. Mgonjwa wa kipindupindu hana hiari, na akipoteza asilimia 10 ya uzito wake yumo hatarini kufa. Kinachowarejesha ni kilekile: maji yenye chumvi na sukari, kwani sukari huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliitumia tiba hiyo kwa wakimbizi huko Bangaon, India, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4: ushindi mkubwa kwa kitu rahisi kiasi hicho.

Mkoani Kigoma, Tanzania, tiba hiyo ilihitajika mno Mei 2015. Maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kisichofikika kwa gari, na kipindupindu kikaua watu wapatao 30. Meli ya MV Liemba iliwavusha hadi mjini Kigoma, kisha mabasi yakawapandisha Nyarugusu, Kasulu, kambi iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ilipofurika, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba. Pakiti moja ya mchanganyiko wa tiba hiyo, yenye gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi, hudai lita nzima ya maji salama. Lakini Kagunga watu walikuwa wakinywa maji ya ziwani.