Unataka kununua mashine ya kupima kaboni na nitrojeni? Soma hii kabla ya kulipa

Ukiwa na maabara ndogo ya udongo, mbolea au chakula cha mifugo hapa Sokon I, siku moja utaletewa profoma ya mashine inayoitwa CHNS. Bei yake si mchezo, inafika makumi ya maelfu ya dola. Kabla hujatoa hela, ijue kwanza.

Herufi hizo ni kaboni, haidrojeni, nitrojeni na salfa. Nyingine hupima na oksijeni. Basi. Floraidi inayobadilisha rangi ya meno ya watu kuzunguka Mlima Meru haiipimi, wala fosforasi, potasiamu au risasi. Kama wateja wako wanaleta maji ya kisima, hii siyo mashine yako. Floraidi ina kifaa chake, na ni cha bei ndogo zaidi.

Inafanyaje kazi? Sampuli iliyokaushwa na kusagwa hufungwa kwenye kikopo cha bati, inadondoshwa kwenye tanuru la nyuzi joto kama 1,000, oksijeni inaingia na kila kitu kinaungua. Kaboni inakuwa kaboni dayoksaidi, haidrojeni inakuwa mvuke wa maji, na nitrojeni inapitishwa kwenye shaba ya moto ibaki gesi tupu. Heliamu ndiyo inayozibeba hadi kwenye kipimio. Jibu linatoka ndani ya dakika chache, wakati kwa njia ya Kjeldahl ya mwaka 1883 unachemsha asidi kali kwa saa nzima na zaidi.

Pesa nyingi hupotea kwenye ukubwa wa sampuli. Kuna mashine za wakemia wa dawa, zinachoma miligramu 2 au 3 tu. Kwa dawa safi, sawa. Lakini udongo wa shamba la kahawa una vijizizi, chembe za mkaa na mchanga wa volkano. Miligramu 3 haziwakilishi hata ndoo moja, achilia mbali ekari. Ukipima leo na kesho unapata majibu mawili, na mkulima anaona unambahatishia. Kwa udongo na mbolea tafuta inayochoma nusu gramu au zaidi. Na udongo wenye chokaa utibu kwa asidi kwanza, la sivyo mashine itahesabu kaboni ya chokaa pamoja na ya mboji.

Halafu gesi. Ni kweli mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, ila tangazo halijazi mtungi. Uliza kama mashine inakubali argoni, ambayo ni rahisi kupatikana ingawa usikivu wa mashine hushuka. Weka pia kwenye hesabu mizani nyeti, kinga ya umeme unaopanda na kushuka, vikopo, kemikali za kwenye tanuru, na nauli ya fundi. Muuzaji asiyekuwa na fundi Afrika Mashariki mwache aende zake.

Kama unapata sampuli 20 kwa mwezi, usinunue. Ulizia kwanza TARI Selian na Chuo cha Nelson Mandela, ni majirani. Maabara ya ICRAF jijini Nairobi hupima kaboni na nitrojeni ya udongo kwa kuchoma hivi hivi, ila udongo hauvuki Namanga kiholela. Ulizia vibali TPHPA pale Ngaramtoni.

Ukinunua, usisaini kupokea mashine mpaka ichome asetanilidi safi mbele yako, mara 5 mfululizo. Kaboni isome karibu na 71.09%, nitrojeni karibu na 10.36%. Ikileta nitrojeni 9% na fundi akasema "itakaa sawa ikizoea", mwambie alale Arusha mpaka izoee.