Gari laenda sawa, ukikanyaga breki latetemeka: tatizo liko wapi?

Anayenunua gari la mtumba Mombasa hulijaribu wapi? Mara nyingi ni mtaani, pengine mpaka Nyali na kurudi, katikati ya msongamano, mwendo wa 40. Gari limetulia kama maji ya mtungini, pesa zinahesabiwa. Kisha inakuja safari ya kwanza ya kwenda Voi. Ukishapita Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, barabara imenyooka na mshale umepanda 90. Unapokaribia Maungu unaona malori yameegeshwa kando ya barabara, unakanyaga breki, na usukani unaanza kutikisika mikononi.

Kosa lenyewe lilikuwapo tangu Mombasa. Mtetemo wa breki hujitokeza zaidi kwenye mwendo wa kasi, kati ya 80 na 100, na ndiyo maana muuzaji mjanja hakuachi utoke mjini. Na Maungu si mahali pa kugundua kwamba breki zina shaka. Usiku ndovu huvuka hapo wakitoka Tsavo Mashariki kwenda kwenye ranchi za Taita, na ndovu hana taa za nyuma.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Gari likitetemeka hata usipokanyaga breki, anza na magurudumu: balansi, rimu iliyopinda, tairi lililovimba. Likitetemeka pale tu unapokanyaga, shughulika na breki. Hapo jiulize unausikia wapi mtetemo. Ukiwa kwenye usukani, kosa kwa kawaida liko magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, tazama nyuma. Magari kama Probox yana dramu nyuma, nazo huweza kupoteza uduara. Kuna jaribio la hilo: kwenye njia kavu, iliyonyooka, isiyo na mtu (si barabara kuu), mwendo wa 40, vuta breki ya mkono polepole huku umebana kitufe chake. Likitetemeka bila mguu kugusa pedali, dramu ndizo zenye neno. Gari lenye breki ya mkono ya umeme lisijaribiwe hivyo.

Pedali ikikupiga mguuni ulipokanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au lami yenye maji, hiyo ni ABS inafanya kazi yake. Usimlipe mtu kwa hilo.

Sasa tuje kwa neno la gereji: "diski imepinda." Utaambiwa hivyo kila mahali, na mara nyingi si kweli. Diski hupinda kwa nadra. Kinachotokea zaidi ni unene wake kutolingana, mahali pamoja nene na pengine nyembamba, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kwa magari mengi madogo, diski ikizunguka isiyumbe zaidi ya milimita 0.05, ambao ni wembamba kuliko unywele wa kichwani. Fundi asiye na geji ya kupimia anakisia tu.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu, kutu ya chumvi. Gari lililolala wiki kadhaa karibu na bahari hushika kutu kwenye diski. Kutu nyepesi huondoka kwa kukanyaga breki mara chache, lakini pale pedi zilipokuwa zimeigusa diski hubaki alama. Kutu nyingine hujificha kati ya habu na diski. Chembe moja hapo yatosha kuifanya diski ikae upande, na ikizunguka hivyo kwa miezi, pedi huila sehemu moja kuliko nyingine. Kwa hiyo kabla ya kununua diski mpya, mwambie fundi aitoe ya zamani, aisugue habu kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, airudishe, apime. Ukiweka diski mpya juu ya habu chafu, mtetemo utarudi, na utamlaumu muuza spea bure.

Nati nazo zina lawama. Kijana wa pancha akizikaza kwa mashine ya upepo, moja sana na nyingine kidogo, diski hubanwa vibaya. Zikazwe kwa kuruka, hii kisha ile inayoielekea, na kwa spana ya kipimo. Kwa Corolla na Toyota nyingi ndogo ni niutoni mita 103.

Ukisimama Mackinnon Road kuswali pale kwa Seyyid Baghali, zunguka gari kabla ya kwenda kutia udhu. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda kalipa imekwama na pedi inabana njia nzima. Pini za kalipa zikisafishwa na kupakwa grisi yake, mara nyingi hilo huisha.

Vichwa vya tairodi, bushi na bolijointi zilizochoka huukuza mtetemo mdogo ukawa mkubwa. Vikaguliwe gari likiwa juu ya jeki na limewekewa vigingi.

Diski ikibidi kuchongwa, angalia unene wa mwisho uliopigwa chapa juu yake. Ikishuka chini ya hapo ni ya kutupwa, na hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Ukishafunga, tafuta njia tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 20 kwa upole mara kumi hivi bila kusimama kabisa, ukiacha zipoe katikati. Na ukitoka kwenye breki kali, diski zikiwa za moto, usikae kwenye foleni na mguu juu ya pedali. Pedi huacha alama yake hapo hapo.