Historia ya Treni Ndogo: Njozi na Nidhamu Yake

Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilileta treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu, ambazo mnunuzi aliweza kuziongeza kipande kwa kipande. Mchezo ukawa mfumo, na mfumo ukazaa ubishi ambao haujaisha hadi leo. Wako wanaosema treni ndogo ni uwanja wa njozi. Wako wanaotaka kila ribiti likae pale lilipo kwenye injini ya kweli. Historia ya fani hii inaonyesha kwamba pande hizo mbili zimeishi kwa kutegemeana.

Tazama kwanza vipimo. Modeli za Kiingereza za kipimo kiitwacho OO zimepunguzwa mara 76 hivi, lakini hupita kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, wakati hesabu inadai 18.83. Waliochoshwa na kasoro hiyo waliunda viwango vya Protofour katika miaka ya 1960, wakasahihisha upana. Hata hivyo OO ndiyo iliyoenea, na juu yake zimejengwa stesheni zinazomshawishi mtazamaji. Tazama sasa njozi: kule California, John Allen alianza baada ya Vita Kuu ya Pili kujenga Gorre & Daphetid, reli ya milima isiyokuwa popote duniani. Alikuwa miongoni mwa waliowafundisha wenzao kupaka kutu na vumbi juu ya mabehewa, na treni zake zilifuata ratiba. Lakini pia alimweka dinosauri afanye kazi ya kupanga mabehewa. Kichekesho hicho kilisimama kwa sababu kila kilichokizunguka kiliaminika.

Atakayepinga atasema njozi hufuta kumbukumbu, na hoja yake ina uzito. Roye England, mwanzilishi wa jumba la makumbusho la Pendon huko Uingereza, aliiga nyumba za wanakijiji kwa sababu aliona mandhari ya miaka ya 1920 na 1930 ikitoweka. Bila ukali wake wa vipimo, mengi yangepotea. Lakini nyumba hizo, zilizoigwa kutoka vijiji mbalimbali, zilikusanywa katika kijiji cha kubuni, Pendon Parva. Tena Pendon hiyohiyo imehifadhi Madder Valley ya mjenzi John Ahern, reli ya kubuni tangu mwanzo, ambayo majengo yake mengi yaliigwa kutoka majengo halisi.

Wengine huhofia kwamba kuiruhusu njozi ni kuufungulia mlango uzembe. Uzembe hutokana na mjenzi asiyetii kanuni yoyote, hata alizojiwekea mwenyewe. Kwa hiyo reli ndogo isipimwe kwa idadi ya vitu vilivyonakiliwa tu. Ipimwe kwa uangalifu wa macho yaliyoutazama ulimwengu kabla mkono haujaanza kubuni. Allen, England na Ahern wote walikuwa na uangalifu huo.