CHUMVI ILIKUWA SAFARI: Bibi zetu walipataje protini? (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, chai iko pembeni, sasa tuongee.

Leo naandika kwa sababu ya mayu mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Ana presha. Nyama, samaki, mayai na maziwa aliacha miaka mingi kwa imani yake. Alipoambiwa apunguze chumvi, akaacha na choroko. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nesi, choroko bila chumvi itashukaje?" Akabaki na ugali wa muhogo na mlenda. Presha ilishuka kidogo, lakini mwili nao ukaisha. Gauni linaning'inia, na kidonda cha mguuni hakitaki kufunga, maana mwili unajenga nyama mpya kwa protini.

Usimcheke. Wengi wetu tunaamini chakula bila chumvi si chakula. Ila hapa kwetu haikuwa hivyo siku zote.

Zamani chumvi haikuuzwa kwa vipakiti dukani. Wanaume wa Kisukuma walitembea kwa miguu, kwa makundi, hadi Ziwa Eyasi kuifuata, wakarudi wameibeba. Misafara hiyo ilijulikana sana, hata jarida la Tanganyika Notes and Records liliiandikia makala mwaka 1938. Upande wa magharibi kulikuwa na Uvinza, Kigoma, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi mpaka yabaki chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale mwaka 1967 waligundua kwamba kazi hiyo ina zaidi ya miaka elfu moja. Sasa jiulize: kitu ulichokifuata kwa siku nyingi porini, ungekimwaga kwenye sufuria kama tunavyomwaga leo?

Na protini je? Msukuma ni mtu wa ng'ombe, siwezi kukataa, na maziwa yalinywewa. Lakini ng'ombe alikuwa mali na mahari, hakuchinjwa kila Jumanne. Sufuria ya kila siku ilitegemea shamba: ugali wa mtama au uwele, kunde, choroko, njugu mawe. Karanga, ambazo asili yake ni Amerika ya Kusini, nazo zilikuja zikazoeleka kabisa. Zikapondwa zikatiwa kwenye nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na michembe ikaliwa nazo.

Bibi hakujua neno protini, ila mpango wake ulikuwa sahihi. Nafaka zina upungufu wa lisini, moja ya matofali ya kujengea mwili. Jamii ya kunde inayo lisini tele, lakini ina upungufu wa tofali lingine, methionini, ambalo nafaka inalo. Ukila vyote viwili, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Wala si lazima viwe kwenye sahani moja, siku hiyo hiyo inatosha.

Nini kilibadilika? Enzi za Mwingereza muhogo ulihimizwa kama akiba ya njaa, kwa sababu unavumilia ukame. Uliokoa watu, tusiudharau. Lakini unashibisha kuliko unavyojenga. Pamba nayo ikachukua sehemu ya mashamba na nguvu za watu. Mgodi wa Geita ukaanza uzalishaji miaka ya 1930 ukafungwa 1966, halafu mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Kwenye machimbo mtu hana shamba nyuma ya nyumba. Anakula cha kununua, na chips, supu na karanga za kukaanga vyote vimeshatiwa chumvi.

Hamahama hii ina gharama yake. Ng'ambo ya ziwa, Kenya, watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: ndani ya miezi michache presha za waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki kijijini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imepanda na potasiamu imeshuka. Ni watu wale wale, kilichobadilika ni maisha na sahani.

Haya, tuje jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu yote iliyomo kwenye chakula. Protini, mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Angalia hesabu:

Choroko kavu gramu 100: kama 23.
Unga wa dona au mtama gramu 250: kama 22.
Karanga zisizo na chumvi gramu 30: kama 7.

Jumla 52. Hakuna nyama hapo. Unga wa muhogo gramu 250 peke yake haufiki hata 6.

Sasa sikia mambo manne.

Moja, magadi. Wengi wanayatia ili maharage yaive haraka, wakijua hawajaweka chumvi. Magadi yana sodiamu pia! Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha. Choroko huiva hata bila magadi. Vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi iliyovaa nguo nyingine. Tumia ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na karanga za kuponda.

Mbili, chumvi kidogo unayobaki nayo iwe yenye madini joto.

Tatu, asiyegusa kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hapati vitamini B12 kwenye mboga. Mwambie mhudumu wako mapema ushauriwe vidonge. Upungufu wake unaharibu damu na mishipa ya fahamu.

Nne, kama una ugonjwa wa figo, usiongeze kunde kabla ya kuongea na daktari. Na dawa za presha usiache kwa sababu ya post yangu.

Mayu yule nilimwandikia choroko kwa ndimu na karanga. Siku ya tatu nikamuuliza inashuka? Akasema, "Inashuka, ila ulimi bado unanung'unika." Nikamwambia mpe wiki chache, ulimi huzoea. Hata wa babu zako ulizoea kusubiri msafara urudi kutoka Eyasi.

Kesho muulize bibi yako walikuwa wanapika nini msimu wa chumvi haipo. Niandikie alichosema.