Mdudu wa Madoa katika Nyimbo za Watoto

Katika sura ya 30 ya Mithali, Aguri bin Yake ahesabu viumbe vinne vilivyo vidogo duniani, navyo vina akili nyingi: chungu, wibari, nzige na mjusi. Mdudu ambaye twapenda kueleza habari zake mwezi huu hamo katika hesabu hiyo, walakini twadhani watoto wa mataifa mengi wamemwimbia kuliko hao wanne wote. Ni yule mdogo wa mviringo, mfano wa choroko iliyokatwa katikati, mgongo wake mwekundu au wa rangi ya chungwa, wenye madoa meusi. Kila aliyepalilia kunde au pamba amemwona. Majina yake hubadilika mahali hata mahali. Basi hapa tutamwita mdudu wa madoa, na msomaji atatia jina la kwao. Twaandika hasa kwa walimu na wazazi wa Kilosa na Mikumi, na sababu yake itaonekana mbele.

Zamani, katika nchi za Ulaya, Wakristo walimpa mdudu huyu majina ya heshima. Jina lake la Kiingereza latoka katika maneno yenye maana ya ndege wa Bibi Yetu, yaani Mariamu mama wa Bwana wetu. Wadachi humwita mdudu wa Mariamu. Wafaransa humwita mnyama wa Mungu mwema, Waholanzi kidudu cha Bwana mpendwa, na Warusi, walio mbali nao kwa lugha na hata kwa desturi za kanisa, humwita ng'ombe mdogo wa Mungu. Yule aliye wa kawaida sana kule ana madoa saba. Basi watu wakasema kwamba mgongo mwekundu ni joho la Mariamu kama wachoraji wa zamani walivyolichora, na madoa ni furaha zake saba na huzuni zake saba. Husimuliwa pia kwamba wakulima walioharibikiwa na mimea yao walimwomba msaada, na mdudu huyu akaja. Masimulizi ni masimulizi. Lakini majina yenyewe yatosha kuwa ushahidi, maana watu hawampi mdudu jina la mama wa Bwana ikiwa ni mharibifu wa shamba. Mkulima alimjua kuwa rafiki kabla wataalamu hawajaandika neno.

Kutoka kwa mkulima jina likaenda kwa mtoto. Mwaka 1744, au karibu na huo, kilipigwa chapa London kijitabu cha nyimbo za watoto kiitwacho Tommy Thumb's Pretty Song Book, na ndani yake mlikuwamo wimbo mfupi wa mdudu wa madoa. Maneno yake hatuyanakili. Maana yake ni kwamba mtoto humwambia mdudu aruke aende kwao, kwa kuwa nyumba yake yawaka moto na watoto wake wataungua. Huimbwa mdudu akiwa kidoleni. Naye ana tabia ya kupanda juu. Ukiinua kidole hupanda hata ncha, na akifika ncha hana pa kwenda tena, basi hufungua magamba ya mgongo, hutoa mbawa zilizokunjwa chini yake, akaruka. Kwa mtoto ni kama amesikia na kutii. Twadhani hiyo ndiyo siri ya wimbo ule kudumu: ni mmoja katika nyimbo chache ambazo kiumbe aimbiwaye aonekana kujibu.

Lakini moto huo watoka wapi? Watu wengi wameuliza, maana ni jambo la ajabu kumtisha mdudu mzuri namna hii katika mchezo. Wako waelezao kwamba kule Uingereza uko mmea utambaao juu ya miti iliyosimikwa, ambao maua yake hutiwa katika pombe, na baada ya mavuno wakulima waliichoma ile mitambao mikavu pamoja na wadudu wote waliobaki juu yake. Mdudu wa madoa hukaa humo kwa wingi, kwa kuwa vidukari wanaounyonya mmea huo ndio chakula chake. Wengine hueleza vingine. Sisi twayapenda maelezo haya kuliko yote, kwa sababu yanamweka mwimbaji wa kwanza shambani, machweo, moshi ukipita machoni mwake, si chumbani kati ya vitabu.

Sasa na tuje Kilosa. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kilosa mwaka 1909. Hata kabla ya reli kufika, mwaka 1907, kampuni ya Otto, wenye viwanda vya nyuzi huko Württemberg, ilikuwa imeanza hapo shamba kubwa la pamba, kwa kuwa Wadachi hawakupenda viwanda vyao vitegemee pamba ya Marekani peke yake. Basi wakakaa kati ya pamba hata Agosti 1916, ambapo majeshi ya upande wa Waingereza yaliitwaa Kilosa na reli yake. Vitabu vya vita vyaeleza habari hizo kwa urefu, pamoja na majina ya majemadari. Jambo moja dogo halimo. Watoto wa Wadachi nao wana wimbo wa mdudu wa madoa, nao pia humwambia aruke, kwani nyumba yake yaungua. Kwa hiyo wana wa mataifa mawili waliopigania reli ile walikuwa wamelelewa kwa wimbo wa maana moja, kila mmoja kwa lugha yake. Vita vile viliacha makaburi, na wapagazi wengi walikufa njiani wasiandikwe majina. Wimbo hakuna aliyeuacha nyuma.

Pamba haikuondoka pamoja na Wadachi. Kilosa na Kimamba ziliendelea kuwa nchi ya pamba na mkonge, na baadaye Ilonga, mwendo mfupi kutoka Kilosa, pakawa na kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kipo hata leo. Na kanuni ya pamba ilikuwa hii: mkulima akiisha kuchuma, na ang'oe mashina yote, ayakusanye, ayachome moto, ili funza wa pamba wasipate mahali pa kungojea msimu ujao. Msomaji ameona? Ule moto wa shamba ambao huko Uingereza ni wa kukisiwa tu, hapa ulikuwa ni wa amri, kila mwaka, mbele ya macho ya watoto. Mtoto wa London akiimba habari za nyumba iwakayo hufikiri nyumba ya matofali. Mtoto wa Kilosa angeuelewa wimbo mara moja, kwa kuwa ameyaona mabua yakiwaka kabla ya mvua, na panzi na wadudu wa kila namna wakiruka mbele ya moshi, na mwewe wakiwangojea juu.

Walakini wimbo wa namna hiyo hatukuukuta katika vitabu vya shule tulivyosomea. Hatuwalaumu waliotutangulia. Bwana J. T. Last wa Church Missionary Society, aliyekaa Mamboya katika nchi ya Wakaguru, alipigisha chapa sarufi ya Kikaguru mwaka 1886, na kazi hiyo ina thamani yake. Lakini haja ya siku zile ilikuwa sarufi na Maandiko, wala si maneno ambayo mtoto humwambia mdudu. Hata Kiswahili kilipopata magazeti, watunzi walitunga kwa ajili ya watu wazima. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi uliopendwa sana, ambamo watu waliulizana mafumbo, wakashauriana, wakajibizana kwa ukali wenye adabu. Mtoto alibaki na nyimbo zake za mchezo. Wimbo wa ukuti, kwa mfano, ulitoka pwani ukapanda hata milima ya Ukaguru, ambako mnazi ni haba. Hatusemi hivyo kwa dharau, maana ni wimbo mzuri. Twasema tu kwamba mtoto yule yule aimbaye mti asio nao amkuta mdudu wa madoa kila siku katika kunde za mama yake, naye hana neno la kumwambia. Basi humponda.

Na hapa ndipo penye hasara. Jamii za wadudu hawa duniani ni karibu 6,000, na walio wengi hula wadudu wengine, hasa vidukari, wale wadogo laini washikao machipukizi ya kunde, pamba na kabichi na kuyanyonya utomvu hata majani yakajikunja. Mdudu wa madoa mmoja aweza kula vidukari 50 kwa siku. Jike hutaga mayai ya manjano, yamesimama wima pamoja chini ya jani, karibu na vidukari, ili watoto wasiende mbali kutafuta chakula. Lakini watoto hao hawafanani na mama yao hata kidogo. Ni weusi au wa kijivu, warefu, wa miguu sita, wenye alama za rangi ya chungwa, mfano wa mamba mdogo sana. Mwenye shamba akiwaona hudhani ni viwavi waharibifu, akawaua wote, akamwacha mama kwa sababu ya uzuri wake.

Rangi yenyewe, ambayo washairi wameisifu sana, mdudu hakupewa kwa ajili yetu. Ni onyo kwa ndege. Akishikwa hutoa majimaji ya manjano katika viungo vya miguu yake, machungu, yenye harufu mbaya, na ndege aliyeonja mara moja huukumbuka wekundu ule. Tena yatupasa kusema kweli yote: wako jamaa zake wachache ambao hula majani, hasa ya maboga, matango na mnavu. Hao mgongo wao haung'ai, una vinyweleo vifupi kama mahameli. Mwalimu ampeleke mtoto atazame vema mgongo huo kabla hajaanza kusifu.

Ili msomaji asidhani kwamba twatukuza kitu kidogo kupita kiasi, na asikie habari za California. Katika miaka ya 1880 michungwa ya kule Marekani ilikuwa ikifa kwa mdudu mweupe kama pamba, aliyetoka Australia. Mwaka 1888 serikali ilimtuma Albert Koebele aende Australia kutafuta adui wa mdudu huyo. Akawakuta wadudu wa madoa wakimla, akapeleka kwa meli 129, na baadaye wengine hata wote wakawa 514. Wakaachiwa juu ya michungwa, wakazaana, na katika muda wa miaka miwili hivi mashamba yakapona. Hata katika miaka ya 1940 ikaja dawa ya DDT, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu ilivumbuliwa na Paul Müller mwaka 1939. Ikapigwa katika michungwa ile ile. Mdudu wa madoa akafa, na yule mweupe akarudi. Bibi Rachel Carson alizieleza habari hizo katika kitabu chake Silent Spring mwaka 1962.

Hatumwambii mkulima wa Kilosa atupe bomba lake la dawa. Siku hizi huko mahindi, mpunga na ufuta vyaonekana kuliko pamba, na mwenye bustani ya mboga ana adui wengi. Lakini ajue kwamba dawa iuayo kila kitu humuua na rafiki. Na vidukari, ambao jike huzaa hata bila dume, hurudi shambani mapema kuliko yeye.

Kwa watu wa Mikumi neno letu ni tofauti kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliwekwa mwaka 1964, nayo ina kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Morogoro na Iringa yapita ndani yake, na watoto walio katika basi huonyeshwa tembo na twiga kwa vidole. Tembo hana haja ya mshairi. Kimo chake chatosha. Tena mtoto wa kijiji kilicho kando ya hifadhi husikia kwamba viumbe wa thamani ni wale ambao wageni hulipa ili kuwatazama, na usiku huwasikia viumbe hao hao wakivunja mahindi ya baba yake. Hatushangai akikua na moyo uliogawanyika juu ya habari za porini. Mdudu wa madoa naye ni wa porini, huja shambani bila kuvunja bua hata moja, wala hakuna mgeni alipaye senti kumwona. Kwa mtoto kama huyo, shairi juu yake lingekuwa mwanzo mwepesi kuliko hotuba.

Basi ni nani atakayelitunga? Mizani nane za utenzi zatosha, kwa sababu mtoto hukumbuka kilicho kifupi. Ila mwalimu asiuchukue wimbo wa London mzima mzima na kuuvika maneno ya Kiswahili. Kidole asikiache, maana ndicho chenye mchezo. Moto pia asiuache, maana tunao. Na watoto wa mdudu asiwapite upesi kama wimbo ule uwapitavyo, ingawa aliyeutunga kwanza, awe nani, alikuwa ametazama vizuri. Moto ukishika mashina, mama ana mbawa, ataruka. Wale weusi wa miguu sita hawana. Hubaki juu ya jani.